Hodi Mlangoni kwa Dudu

Mwanangu alipokaribia miaka mitatu alikuwa anajua kuwaita kuku wa bibi yake wakaja mbio, anajua kutofautisha pikipiki ya jirani na za wapita njia kwa mlio tu, na akila yai anadai chumvi. Choo ndicho kilichomshinda. Na mimi, kwa hizi hasira zangu nilizozaliwa nazo, niliona kabisa mtoto ananifanyia makusudi.

Shida haikuwa nguo za kufua. Kufua nimeanza nikiwa mdogo. Shida ilikuwa cherehani. Nilikuwa nimepata nafasi ya kushona katika chumba cha fundi mmoja pale Old Korogwe, yule mama aliyenifundisha kazi kabla sijaolewa, naye alikubali kunishikia nafasi mpaka mavuno yapite, basi. Baba wa mtoto yuko Dar kwenye kazi za ujenzi, anakuja siku akija. Kwa hiyo ilibidi mtoto ashinde kwa mlezi mmoja mtaani kwetu anayekaa na watoto wa watu uani kwake, na mlezi huyo alikuwa na sharti ambalo hakulizungusha.

"Mimi nepi sibadilishi, dada," aliniambia, mikono kiunoni. "Mtoto aje anajua choo. Aingie mwenyewe, achuchumae mwenyewe. Kumsafisha nitamsafisha, sikatai. Lakini akininyea mkekani leo na kesho, keshokutwa usimlete."

Nikamjibu hamna shida, mwanangu mwerevu. Mdomo huu utaniua siku moja.

Basi nikamchukua mtoto tukaenda Kwamsisi kwa mama yangu. Niliona nitaua ndege wawili kwa jiwe moja: nitamsaidia mama kuvuna mahindi, na mtoto atajifunzia huko, maana kijijini mtoto anashinda uchi na hakuna zulia la mtu la kuharibu. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki. Nilipomweleza sharti la mlezi alikuwa anapukuchua mahindi, na hakuinua hata uso.

"Na akishindwa?"

"Hashindwi, mama."

"Akishindwa utamwacha hapa. Utakuwa unakuja kumwona mwisho wa mwezi. Mume wangu huyu, nyumba anayo, kuku anao, Korogwe anafuata nini?"

Kwetu bibi na mjukuu wake wa kiume ni watani. Anamwita mume wangu, anamwita mgosi, yaani mwanamume, na mjukuu akishakua anarudisha maneno. Nilicheka. Mama hakucheka, na hapo nikajua hatanii. Kutoka Kwamsisi mpaka kwangu ni pikipiki hadi Mkata, halafu usubiri basi la kupitia Segera, na si safari ya kwenda na kurudi kila jioni. Mtoto wangu wa pekee nimwone mwisho wa mwezi kama mshahara? Nikasema moyoni, huyu mtoto atajua choo hata kama nitahamia humo chooni mimi mwenyewe.

Choo cha mama kiko nyuma, baada ya jiko, kimepakana na shamba la mihogo. Baba alikijenga kwa fito na udongo, chini akasakafia saruji, akaacha tundu katikati. Mlango hakina, kina gunia linaloning'inia. Na kwa kuwa hakina mlango, kina adabu zake. Kopo la maji linakaa nje juu ya jiwe. Ukiona halipo, ujue mtu yumo. Ukiliona, bado unapiga hodi, maana huwezi kujua. Aliyemo hajibu kwa maneno, kwa sababu chooni hakusemwi. Anakohoa tu, nawe unarudi nyuma kidogo ujifanye unaangalia mihogo.

Tundu lenyewe ni kubwa kwa mtoto anayetambaa, na hilo ndilo lililotutia wazimu wote tuliolelewa pale. Mtoto akianza tu kutambaa kuelekea nyuma ya jiko anapigiwa kelele: "Wee! Rudi! Humo mna dudu!" Mimi nimeambiwa hivyo, mama yangu aliambiwa hivyo. Dudu la utoto wangu lilikuwa na pembe na lilipenda watoto wanaochafua nguo za Idi. Mwanangu naye aliambiwa tangu hajasimama dede. Sasa ghafla, kwa sababu mimi nina cherehani inanisubiri, watu wale wale wakageuka wakaanza kumwambia: haya, nenda kachuchumae juu yake.

Nilitarajia aogope. Lakini yeye alikuwa na maswali tu.

"Dudu anakula nini?"

"Anakula mavi. Nenda kampelekee."

"Ana mama?"

"Anaye."

"Mama yake anaitwa dudu?"

Unaona sasa. Anauliza hivyo amekaa juu ya kinu, miguu inaning'inia, na suruali ile niliyomvalisha asubuhi iko kwenye beseni inangoja sabuni.

Tulianza na poti. Nililinunua Korogwe, la bluu, na nilitembea nalo safari nzima nikiwa nimelifungia kwenye kanga watu wasilione. Mama alilipokea akaligeuza huku na huku, akauliza kama ni la kupimia unga. Mtoto alilivaa kichwani siku ya kwanza akawa askari. Siku ya pili alilikalia, akahadithia habari ndefu ya mbuzi, akainuka mkavu. Muda si mrefu kuku mmoja akaligundua lile poti, akaona hapa ndipo pa kutagia, na alipoanza kuatamia mama akanikataza kulisogeza. Poti langu likawa kiota, nami nikawa natazamwa na kuku kwa jicho baya kila nikipita.

"Wewe nilikufundisha kwa miguu hii," mama akasema. Akakaa chini, akanyoosha miguu, akamkalisha mtoto juu ya vifundo vya miguu yake, kama tunavyowakalisha watoto wachanga, akaanza kumpulizia "psss, psss." Mkojo ukatoka bila kinyongo. Mkojo haukuwa na kesi hata siku moja. Alikojoa popote, kwa furaha, na kwa kulenga. Lakini haja kubwa aliikalia kimya, akachezea bangili za bibi yake, akaomba karanga.

Kilichonichanganya ni kwamba akibanwa alikuwa anajua. Anashika tumbo, ananiambia "pupu," namwambia kimbia chooni, na kweli anakimbia, wala habishi. Anazunguka nyumba, anapotea nyuma ya jiko. Mimi nabaki huku mbele na mahindi yangu nikishukuru Mungu. Haipiti muda namwona anarudi taratibu, mikono nyuma kama mzee wa baraza, anapita mbele yangu, anakwenda chini ya mchungwa. Anachuchumaa.

"Wewe! Si nimekwambia chooni?"

"Nimekwenda."

"Sasa mbona umerudi?"

"Dudu kanyamaza."

"Kanyamaza! Ulitaka akupigie taarabu?"

Alinitazama kwa huruma kabisa, kama mtu anayejua mwenzake ana shida ya kuelewa.

Mkono mtupu haulambwi, nikamwahidi kashata. Alizitaka sana kashata, alikwenda mbio, na alirudi vile vile, safari hii analia, kwa sababu kashata alikuwa anaziona na pupu ilikuwa inamwuma. Siku nyingine nilimbeba. Nikapita naye jikoni mama akiwa anachochea kuni, nikasukuma gunia kwa bega nikaingia naye kama polisi. Loh! Mtoto alikakamaa mwili mzima kama mchi. Akapiga kelele "Tutoke! Tutoke!" mpaka jirani akauliza kama kuna nyoka. Niliwasha tochi ya simu nikamulika tundu. "Tazama," nikamwambia, "kuna dudu humo? Hakuna!"

Alichungulia. "Amelala," akaninong'oneza, na akaniziba mdomo kwa kiganja.

Nilitoka pale nikamvaa mama. Nilimwambia uongo wao huo wa dudu ndio uliotufikisha hapa, na kuanzia leo mtoto aambiwe ukweli, kwamba humo hamna kitu. Mama akaweka mwiko chini.

"Mwambie hamna kitu, ushinde unachungulia kama hajatumbukia. Dudu limelinda watoto wa nyumba hii wote. Hata wewe."

"Sasa atajuaje choo?"

"Mtoto ana adabu zake. Muache." Akarudia kukoroga. "Na asipojua, si nimeshakwambia? Mimi nipo."

Ni hayo maneno ya mwisho niliyoyasikia. Hayo ya kwanza yalinipita, na nimejilaumu baadaye kwa nini sikuuliza adabu gani.

Maana adabu alikuwa nazo, na zote alimfundisha mama. Shikamoo aliitoa kwa kila kitu chenye ndevu, mbuzi wakiwemo. Hakuchukua chakula kwa mkono wa kushoto. Akitumwa kwa jirani kuomba moto au ungo alikwenda na kurudi na ujumbe sahihi. Watu walimsifia, mama akawa anajibu, "Mtoto umleavyo," na kuwaachia wamalizie wenyewe.

Mavuno yalikuwa yanaelekea ukingoni. Magunia yalikuwa yanashonwa midomo. Kila gunia lililoshonwa niliona siku zangu na mwanangu zinafungwa nalo, na nilikuwa naogopa, nasema kweli. Lakini kuna mahali hasira ikifika inachoka yenyewe, na yangu ilipochoka nilibaki na hamu tu ya kujua. Huyu mtu anakwenda, anafika, halafu kule nyuma kinatokea nini? Nilijaribu kumnyatia, akageuka akanikuta, akafurahi akadhani tunacheza kukimbizana. Pupu ikasahauliwa mpaka saa sita.

Jibu nililipata kwa sababu ya maembe mabichi. Nilikula na chumvi na pilipili, mengi, huku mama ananionya, na kesho yake tumbo likanikata hasa. Nikabeba kopo nikaingia chooni, nikakaa humo nikijuta. Nikiwa nimechuchumaa hivyo, nikasikia vinyayo vidogo kwenye vumbi. Vikasimama mbele ya gunia.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanangu.

Chooni hakusemwi. Nikakohoa.

Kimya. Kisha, kwa sauti ya heshima zaidi, ile ya kumwombea bibi yake moto, "Hodi."

Nikakohoa tena. Udongo wa ukuta umebanduka sehemu, na katikati ya fito nilimwona. Alikuwa amesimama wima, uchi wa mnyama, mkono mmoja kwenye tumbo, miguu ameibana, jasho linamtoka. Alikuwa amebanwa hasa. Lakini hakusogea hata kidole.

"Hodi," akasema mara ya tatu. Akasubiri. Akatikisa kichwa kidogo, akageuka akaondoka, na baada ya muda nikamwona yuko chini ya mchungwa wake.

Jamani! Nilikaa mle na maembe yangu tumboni, nikamsikia mama kichwani mwangu kama amesimama hapo: "Unapiga hodi mara tatu, mume wangu. Wakikukaribisha unaingia. Wakinyamaza unarudi nyumbani. Usiingie kwa mtu ambaye hajakukaribisha, wasije wakakuita mwizi." Alikuwa anamwambia hayo kila akimtuma, nami nimesikia mpaka nikaacha kusikia. Tulimwambia kwamba mle kuna mwenyewe. Tukamwambia usiingie kwa mwenyewe bila kukaribishwa. Akayaweka yote mawili pamoja, akatutii, na kwa kutii kwake akawa ananya chini ya mchungwa. Sisi wakubwa tunajua bila kuambiwa kwamba hodi ya chooni ni tofauti na hodi zote: chooni ukijibiwa unarudi, ukinyamaziwa ndipo unaingia. Nani aliwahi kumweleza mtoto? Nilicheka peke yangu chooni mpaka machozi, na sijui mengine yalikuwa ya kucheka au ya nini.

Jioni alimweleza bibi yake kwamba dudu anaumwa kifua. "Anakohoa sana," akasema, akaomba tumpelekee tangawizi. Mama akanitazama. Mimi nikatazama sufuria.

Asubuhi yake alipoomba pupu nilimwambia nenda, halafu nikazunguka upande wa pili mbio, nikapita mihogoni, nikajibanza nyuma ya choo. Vinyayo vikaja.

"Hodi."

Nikavuta pumzi, nikatoa sauti nzito kutoka tumboni. "Karibu!"

Gunia likasogezwa pale pale. Hakusita. Nikasikia miguu kwenye saruji, nikasikia akiguna kama mzee anayenyanyua mzigo, na kisha nikasikia kile nilichokuwa nimekingoja mavuno mazima kikishuka shimoni. Nasema ukweli, hata aliponiita mama kwa mara ya kwanza sikufurahi hivyo. Nilikumbatia shina la muhogo.

"Asante, dudu," akasema. Kisha akapaza sauti, "Mama, nimemaliza!" Nikazunguka tena mbio, nikatokea upande wa jikoni nikihema, nikamchambisha kwa maji ya kopo nikimwonyesha mkono wa kushoto, naye akanipa habari. "Dudu kasema karibu. Kapona."

Tukawa hivyo siku zote zilizobaki. Yeye hodi, mimi karibu. Mama sikumwambia. Nilijua atasema nini: mtoto wa kukaribishwa hajajua choo, utajificha nyuma ya vyoo vya watu mpaka lini? Akaniuliza mara moja mbona siku hizi huishi kwenda mihogoni. Nikamwambia nafukuza ngedere. Akaitikia "Mh," akaendelea kupepeta.

Nilijaribu kumweleza mtoto sheria ya wakubwa. Nikamwambia chooni kukiwa kimya unaingia tu, mwanangu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, kwa upole, "Bibi kasemaje?" Nikaona hapo sina hoja.

Siku ya kuondoka mama alimfungia mume wake machungwa na karanga kwenye kitambaa. Alitusindikiza hadi barabarani, kanga kichwani. Pikipiki ilipofika alimshika mtoto mashavu akayaminya. "Akishindwa," akaniambia mimi, "mrudishe. Usimpige, usimfokee. Mrudishe tu."

Jumatatu nilimfikisha kwa mlezi, akaamkia watu wote, akakaa mkekani na wenzake. Mlezi akanionyesha choo, kizuri, cha kuchuchumaa, kina mlango wa mbao. Nikamwangalia yule mama na mikono yake kiunoni. Ningeanzaje? Nimwambie, samahani dada, mwanangu akienda haja naomba usimame nyuma ya choo uitikie badala ya dudu? Nikaaga nikaondoka.

Asubuhi ile nilishona mkono wa gauni kwenye shingo. Fundi aliutazama, akanitazama, akanipa kisu cha kufumulia. Kila simu iliyolia mtaani niliona ni yangu. Nilijiona tayari nimepanda basi, mtoto mapajani, narudi Mkata, namkabidhi kwa mama, napanda tena peke yangu. Mchana nilishindwa nikaomba ruhusa, nikaenda nusu ninakimbia.

Mlezi alikuwa mlangoni, anacheka. "Wewe, mtoto wako huyu umemtoa wapi?"

"Kafanyaje?"

"Kwenda choo kaenda, vizuri tu. Lakini vituko vyake! Kasimama mlangoni kapiga hodi. Nikamwambia ingia, baba, hamna mtu. Hasikii. Anangoja. Mara akajiitikia mwenyewe, 'Karibu!' Kwa sauti nzito hiyo, kama jitu. Ndipo akaingia."

Nilichuchumaa pale pale kwenye mlango wa watu, nikamwita mwanangu nikamshika mabega.

"Nani kasema karibu?"

"Mimi."

"Na kule kwa bibi, nani alikuwa anasema?"

"Wewe," akasema, kama vile nimemwuliza jina la kuku. "Miguu yako niliiona."

"Sasa kama ulijua ni mimi..."

"Dudu hajui kusema," akanifafanulia. "Unamsemea."

Nikambusu mpaka akanisukuma. Nilimchukua nikampeleka nyumbani ale, na pale pale nikampigia mama simu. Nilikuwa na furaha inayonimwagika, nikamwambia ameweza, mama, kaenda choo mwenyewe, mlezi kamkubali, anabaki na mimi.

"Alhamdulillahi," mama akasema. Kisha akauliza, "Na huko nani anamkaribisha?"

Sikuwa nimemwambia. Si yeye, si mtu yeyote.

"Mama. Ulikuwa unajua?"

"Jiko langu liko wapi na choo kiko wapi? Mtoto anapiga hodi uani kwangu kila siku ya Mungu, mimi kiziwi?"

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mlipofika."

Nilikasirika. Nilikasirika hasa, nikakumbuka kashata na tochi na mtoto anavyolia amejibana tumbo, na cherehani, na jinsi nilivyokuwa nahesabu magunia kwa hofu. "Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, mama!"

Nikamsikia akifukuza kuku jikoni.

"Ningekwambia, ungekaa?" akasema. "Baba yako alikuwa akitoka shamba anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, unakumbuka? Namwambia karibu mgeni. Alipokwenda, wanaokuja hapa wanaita kutoka barabarani tu, wanapita. Mwaka huu hodi nimeisikia chooni. Nikasema, basi nisikilize kidogo."

Hasira yangu ikatafuta mahali pa kukaa, ikakosa. Nilimwonea huruma mama yangu. Nikamwambia tutakuja, Ijumaa nikifunga kazi tunapanda basi, na siyo mwisho wa mwezi. Nikamwekea mtoto simu mdomoni, nikamwambia mpigie bibi hodi.

"Hodi, bibi!" akapaza sauti.

Hakukuwa na jibu. Akaitazama simu, akaisogeza karibu zaidi.

"Hodi!"

Nikamwashiria angoje. Akangoja, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa.

"Hodi," akasema mara ya tatu. Kisha akanirudishia simu. "Bibi kanyamaza," akasema, akashuka kitandani akatoka zake.

Nikaiweka sikioni. Mama alikuwa analia, analia kwa kujizuia, pumzi zinakatika, na ilimchukua muda kupata neno.

"Karibu," akasema. "Mwambie nimesema karibu."

Lakini hodi zake tatu zilikuwa zimekwisha, na mwanangu hakai mlangoni kwa mtu asiyemwitikia. Alikwishavuka uwanja na yuko kwa jirani. Nikatoka mbio, pekupeku, simu mkononi, nikimwita kwa sauti mpaka watu wakachungulia madirishani: "Rudi! Rudi, baba! Bibi amekukaribisha!"